Chapati za Viazi za Hanuka na Usalama wa Mtoto Jikoni

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Leo tunapika latke, yaani chapati ndogo za viazi ambazo Wayahudi wengi hula wakati wa Hanuka. Hii ni sikukuu ya siku nane, na mara nyingi huangukia mwezi wa Disemba. Wayahudi husimulia kwamba hekalu la Yerusalemu lilipotakaswa, mafuta ya taa ya siku moja yaliwaka siku nane. Ndiyo sababu vyakula vya sikukuu hii hukaangwa kwa mafuta. Hapa Nairobi kuna familia za Kiyahudi, na huenda wewe unawalelea watoto au unawapikia. Hata kama sivyo, mapishi haya yatakufaa.

Tayarisha viazi kilo moja, kitunguu kimoja kikubwa, mayai mawili, vijiko vitatu vya unga wa ngano na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Kiazi kilichogeuka kijani au kuota sana kitupe. Kina sumu ambayo haiishi kwa kukaangwa.

Menya, osha, kisha kwaruza viazi pamoja na kitunguu. Vitie katika kitambaa safi, ukamue kwa nguvu juu ya bakuli. Acha maji hayo yatulie dakika tano, uyamwage polepole. Ule wanga mweupe uliobaki chini urudishe kwenye viazi. Ongeza mayai, unga na chumvi, uchanganye.

Mama, usiharakishe kukamua. Maji ndiyo hufanya chapati iwe laini badala ya kukauka vizuri. Tena maji hayo hayo yakikutana na mafuta moto, hurusha matone yanayochoma.

Pasha mafuta kiasi cha nusu sentimita katika kikaango. Dondosha uzi mmoja wa kiazi. Ukitoa povu mara moja, mafuta yako tayari. Weka kijiko kimoja kimoja, ubonyeze kidogo. Kaanga dakika tatu au nne kila upande hadi rangi ya dhahabu. Usingoje ziungue. Wao huzila na rojo la matofaa au maziwa ya mgando. Ikiwa nyumba hiyo hutenga vyombo vya nyama na vya maziwa, muulize mwenye nyumba utumie vipi.

Sasa sikiliza kwa makini. Geuza mkono wa kikaango uelekee ukutani. Mtoto akae mbali na jiko, na usikaange ukiwa umembeba mgongoni. Maliza kukaanga kabla mishumaa ya sikukuu haijawashwa. Wayahudi wana desturi ya zamani kwamba akina mama wasifanye kazi mishumaa inapowaka. Hivyo utapata nafasi ya kuwaangalia watoto wasiiguse.

Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike kikaango. Usimwage maji kamwe, wala usikibebe nje.

Mtoto akichomeka, mwondoe nguo na bangili, isipokuwa kilichoganda kwenye ngozi. Mwagia mahali hapo maji baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini, huku sehemu nyingine za mwili ukizifunika asipate baridi. Usimpake dawa ya meno, mafuta, unga wala yai, na usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke kituo cha afya. Usichelewe, hasa ikiwa ni uso, mikono, sehemu za siri, au jeraha linalozidi kiganja chake.

Mpenzi msikilizaji, wafundishe haya wote wanaobaki na watoto wako nyumbani.