Tulipepete Neno Kabla ya Kulituma
Dominika ya 8 ya Mwaka C
Masomo: YbS 27:4-7, 1 Kor 15:54-58, Lk 6:39-45



Ndugu wapendwa wasikilizaji, hapa kwetu Kidatu, kama ilivyo Mang'ula, Ifakara na katika bonde zima la Kilombero, hakuna mama apikaye mchele asioupepeta. Huketi kivulini, akautikisa ungo. Pumba hupeperuka, chenga hutengwa, na vijiwe huokotwa kimoja kimoja. Hata wageni wakiwa wamekwisha kufika, kazi hiyo hairukwi, kwa maana kijiwe kimoja chatosha kuvunja jino la mgeni.

Yoshua bin Sira anatumia leo mfano wa namna hiyohiyo. Anatufundisha kwamba chekecheke itikiswapo, takataka hujitokeza. Na mtu naye hujulikana anapoyatoa mawazo yake. Naye Bwana wetu Yesu Kristo anatuonyesha kipofu akimwongoza kipofu mwenzake kuelekea shimoni; anatuonya juu ya boriti iliyo katika jicho letu; kisha anatukumbusha kwamba kinywa hutoa nje akiba iliyomo moyoni.

Kwa habari ya mchele sisi ni waangalifu sana. Je, kwa habari ya maneno? Neno laingia katika simu zetu alfajiri, kabla hatujanawa uso, nasi twalipeleka kwa watu hamsini bila hata kulitikisa mara moja.

Ndugu wapendwa, boriti huanzia kwa mhubiri, na hivyo tuanze na kosa letu wenyewe. Katikati ya mwaka 2021, wakati wa ugonjwa wa Uviko-19, tulipokea katika simu maneno yaliyodai kwamba ndani ya chanjo mmefichwa kidude cha kielektroniki, ambacho watu walikiita chipu, ili wakubwa wa dunia wawafuatilie waliochanjwa. Tuliyatuma maneno hayo kwa makatekista wetu, tukaongeza mawili tu ya kwetu: "Tuwe macho." Tulijiona wachungaji wema. Katekista mmoja mzee akatujibu kwa upole, "Baba, wewe umehakikisha?" Hatukuwa na jibu. Siku chache baadaye tukasikia kwamba mama mmoja mjane, mgonjwa wa kisukari, amekataa kwenda kuchanjwa. Alipoulizwa sababu, alisema, "Hata Paroko ametuonya."

Ndipo tulipofanya kazi iliyotupasa kufanywa kwanza. Tulilipepeta neno. Chanjo zilizotangulia kufika nchini Julai 2021 zilikuwa dozi 1,058,400 za kampuni ya Janssen, na kila dozi ilikuwa nusu mililita ya maji ya dawa, iliyopita katika tundu jembamba la sindano. Sasa tujiulize. Kifaa cha kupeleka habari za mtu mbali kinahitaji nguvu ya umeme na antena. Simu zetu, pamoja na ukubwa wake na betri yake, zisipochajiwa huzimika. Nasi tuishio chini ya milima ya Udzungwa twajua jinsi mtandao unavyopotea mtu anapoingia tu bondeni. Ni kidude gani basi kisicho na betri wala antena, kilichozama katika nyama ya bega, ambacho kingefanya kazi inayoishinda simu? Tena, yule aliyeogopa kufuatiliwa alikuwa akitusimulia hofu yake kwa simu iliyomo mfukoni mwake.

Wengine walisema chanjo huleta utasa. Neno hilo ni la zamani kuliko simu. Lilisemwa juu ya chanjo nyingine, na bado husemwa juu ya ile wapewayo mabinti kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Ndugu wasikilizaji, hebu tutazame mikono yetu. Wengi wetu tuna kovu la chanjo tuliyopewa utotoni, ya kifua kikuu au ya ndui. Wenye makovu hayo ndio wazazi na mababu waliojaza makanisa yetu watoto. Na ule ugonjwa wa ndui uko wapi? Mgonjwa wa mwisho aliyeupata kwa njia ya kawaida aliugua nchini Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba umetokomezwa.

Pengine mmoja atasema: neno ni neno tu, halina panga mkononi. Tukumbuke basi yaliyotokea tarehe 1 Oktoba 2016 katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walifika huko kuchukua sampuli za udongo. Ukapigwa ukelele kwamba ni wanyonya damu, mumiani. Watu wakakusanyika, wakawaua wote watatu na kuichoma gari yao. Udongo ule ulichukuliwa kwa ajili ya mkulima. Waliouawa walikuwa watumishi wa wauaji wao. Ni nani aliyewaua? Ni yule aliyeshika panga, lakini pia ni yule aliyepiga ukelele kabla ya kuuliza.

Hofu ya mumiani si ngeni hata kwetu. Wangapi wameficha watoto walipowaona watu wa utafiti wakija na vioo vya kupimia damu? Lakini tone lile la kidoleni huwekwa juu ya kioo, likatazamwa kwa darubini ili vijidudu vya malaria vionekane. Kazi ya namna hiyo imefanyika Ifakara tangu Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alipofungua maabara huko mwaka 1957. Na tunda lake? Vyandarua vyenye dawa viliposambazwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga katika miaka ya 1990, watafiti hawakutangaza neno kwa haraka. Waandikaji walipita nyumba kwa nyumba, wakarudi kila baada ya miezi minne, wakaandika waliozaliwa na waliofariki. Mwaka 2001 wakatoa matokeo yao: kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, kulala ndani ya chandarua kuliambatana na ongezeko la asilimia 27 katika kuokoka na kifo. Mti hujulikana kwa matunda yake. Ukweli ule ulikuja kwa miguu, mlango kwa mlango. Uvumi huja kwa mbio, na hauingii nyumba yoyote kuuliza.

Hata hivyo, tusiwalaumu wadogo peke yao. Uvumi hustawi mahali ambapo wenye wajibu wa kusema wamenyamaza. Kuanzia mwisho wa Aprili 2020 nchi yetu iliacha kutangaza hesabu za wagonjwa wa Uviko-19, na katika ukimya ule kila mtu akajitungia habari yake. Maaskofu wetu walipotuandikia Januari 2021, wakitutahadharisha juu ya ugonjwa huo, walitimiza wajibu wa kichungaji. Mwenye madaraka, awe wa serikali au wa Kanisa, ana deni la ukweli kwa watu wake. Na majira ya uchaguzi yanapowadia, sisi waumini tuna deni lilelile kwa mgombea tusiyempenda: tusimzushie, hata kama uzushi huo watufurahisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatufundisha kwamba anayesadiki kosa la jirani bila msingi wa kutosha, hata kimyakimya moyoni, amekwisha kukosa. Amri ya nane haikuandikwa kwa ajili ya mahakamani tu.

Ndugu makatekista, wafundisheni watoto na wazee kulitikisa neno mara tatu. Kwanza: ni nani aliyesema, na je, ana jina na mahali anapopatikana? Pili: je, aliona mwenyewe, au naye alitumiwa? Tatu: kama neno hili si kweli, ni nani atakayeumia? Lisilopita katika maswali hayo matatu ni pumba, hata likianza kwa jina la Mungu na kuishia kwa Amina.

Na aliyekwisha kutuma uongo afanyeje? Toba ya mwizi ni kurudisha alichoiba. Sisi tuliwaandikia makatekista wote tukakiri kwamba tulikosea; kisha tukaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa yule mama mjane. Tulimweleza yote, nasi tukamwomba radhi. Akanyamaza kitambo, akasema, "Baba, ule uongo ulitufikia sote kwa siku moja. Ukweli umekuja kwangu peke yangu, tena umechelewa." Wiki iliyofuata alikwenda zahanati. Lakini neno lake hilo lingali linatuchoma hadi leo, kwa sababu hatujui ni nyumba ngapi nyingine ambazo hatukuzifikia.

Ee Bwana, weka mlinzi mlangoni pa midomo yetu na penye vidole vyetu. Utupe subira ya mama mwenye ungo, ili tuwape ndugu zetu chakula kisicho na mawe. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.