Mvi Si Kipimo



Leo tuzungumze jambo ambalo majumbani kwetu halitajwi kwa sauti: saratani ya tezi dume. Mzee anaficha, na sisi tunaona haya kuuliza. Lakini siku ya kliniki ni wewe unayeshika faili. Kwa hivyo sikiza.

Babu yangu alipoanzishiwa sindano za kushusha homoni, tuliulizwa umri wake tu. Hakuna aliyeuliza kama anatembea kwa kushika ukuta. Sindano hizo husaidia, lakini hupunguza nguvu za misuli na mifupa. Baada ya miezi kadhaa alianguka bafuni. Mimi mwenyewe nilijua anayumba, na nilinyamaza.

Umri peke yake hautoshi. Kuna mzee wa miaka 80 anayekwenda msikitini alfajiri kwa miguu yake, na kuna wa 70 ambaye kuinuka kitini ni shida. Ndiyo maana mabingwa wa saratani za wazee wanashauri mgonjwa wa zaidi ya miaka 70 apimwe kwanza unyonge wa mwili, kisha tiba iamuliwe.

Kipimo kimoja kinaitwa G8. Hakitaki mashine wala damu. Ni maswali 8, dakika chache tu: Anakula vizuri? Amepungua uzito miezi 3 iliyopita? Anatembea vipi? Ana usahaulifu au huzuni? Uzito wake unalingana na urefu? Anameza zaidi ya dawa 3 kwa siku? Anaionaje afya yake akijilinganisha na wa rika lake? Ana miaka mingapi? Alama za juu ni 17. Akipata 14 au chini, achunguzwe kwa undani.

Alama ndogo si hukumu, na si ati asitibiwe. Lishe, huzuni na dawa zinazogongana hurekebishika. Na mzee mwenye nguvu zake asinyimwe tiba kwa sababu ya mvi.

Katiba yetu, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Jamaa ni mimi na wewe.

Basi kabla ya kliniki ijayo, andika dawa zote anazotumia. Mwambie daktari kama ameanguka. Kisha uliza bila kuogopa: "Daktari, mzee wetu amepimwa unyonge?"

Usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.