Uhaba wa Kutengenezwa

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa serikali wa Mbeya na Iringa)



Wazee wa Mbeya na Iringa wanazikumbuka vema foleni za sukari, sabuni na khanga za miaka ya mwanzo ya 1980. Uhaba ule ulikuwa wa kweli. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilikuwa vimekausha fedha za kigeni, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Lakini juu ya uhaba wa kweli walanguzi walijenga uhaba wa pili: walifungia bidhaa ghalani wakingoja bei ipande, au wakazivusha mpakani kwa magendo. Machi 1983 Waziri Mkuu, Ndugu Edward Sokoine, alianzisha msako wa wahujumu uchumi, na bidhaa zilizosemwa kuwa hakuna zikafichuliwa mafichoni. Hata hivyo, msako peke yake haukujaza maduka. Yalianza kujaa baada ya 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni.

Hapo pana funzo. Mlanguzi wa sukari alitegemea haja ya watu. Sukari ilipopatikana, nguvu zake zilikwisha. Mfanyabiashara wa anasa ni mlanguzi wa namna nyingine. Yeye haingoji haja, bali huizalisha kwa uhaba wenyewe.

Chukueni mfano wa almasi ya Mwadui, Shinyanga, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Mwaka 1947 Williamson alikubali kuuza kwa njia ya De Beers, kampuni iliyokusanya almasi za nchi nyingi na kuzitoa sokoni kidogo kidogo ili bei isishuke. Utaratibu huo uliachwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini hila yake haikufa. Mwaka 2018 ilibainika kuwa Burberry, kampuni ya mavazi ya Uingereza, ilikuwa imeteketeza katika mwaka mmoja bidhaa zake zenye thamani ya pauni milioni 28.6, zisije zikauzwa kwa bei rahisi. Baada ya lawama nyingi iliahidi kuacha. Mwaka 1983 kitendo hicho kingeitwa hujuma. Huko kiliitwa kulinda jina la kampuni.

Hila hiyo haiko Ulaya peke yake. Katika soko lolote, liwe la Mwanjelwa au la Mafinga, muuza vitenge aweza kutandaza kimoja, robota zima likiwa nyuma ya pazia, akasema: "Kimebaki hiki tu, mama." Mwalimu akiingiwa na hofu ya kukikosa, hukopa. Mwisho wa mwezi mshahara hulipa deni, na ada ya mtoto husubiri.

Basi, kabla ya kufungua mkoba, hapana budi kuuliza: Kitu hiki kimepungua, au kimefichwa? Na kama kingekuwa tele, je, kingetakiwa? Swali hilo lifundishwe darasani pamoja na hesabu. Anayelijua hatakimbizwa na mwenye ufunguo wa ghala.