Kabla Hujabadili Njia ya Hewa ya Gari Lako

Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi wa Kata ya Kurui, Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa wengine laweza kuonekana la anasa: kubadili njia ya hewa ya gari la kasi, nyumbani na kwa gharama ndogo. Tumelichagua kwa sababu wapo vijana wetu wanaomiliki Toyota Altezza, Subaru Impreza na magari mengine ya namna hiyo yaliyokwisha kutumika Japani. Gari kama hilo mara nyingi hununuliwa kwa akiba ya miaka, na pengine kwa korosho za familia nzima. Injini yake ikifa, hasara haimwishii kijana peke yake. Humfikia mama aliyechangia, na mdogo wake aliyekuwa akisubiri ada ya shule.

Hatukuja kumkataza mtu kulipenda gari lake. Tumekuja ili atakayetoa fedha ajue anachokinunua.

Tuanze na kazi ya hewa. Ili kilo 1 ya petroli iungue sawasawa, zinahitajika takriban kilo 14.7 za hewa. Kwa ujazo, lita 1 ya petroli huhitaji hewa ipatayo lita 9,000. Tangi la lita 40, basi, hutumia hewa ya kujaza vyumba 10, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 3. Sasa yatazameni majani ya mikorosho kando ya barabara ya udongo wakati wa kiangazi, jinsi yanavyogeuka rangi. Vumbi hilo hilo limo katika hewa ya vyumba hivyo 10. Kinachosimama kati ya vumbi na injini ni chujio la hewa, ambalo mafundi huliita ea klina.

Mtengenezaji wa gari amelifunga chujio hilo ndani ya boksi la plastiki lenye mdomo wa kuvutia hewa. Boksi hilo halikuwekwa kwa mapambo. Kazi yake ni kuipa injini hewa yenye sifa nne: iwe safi, isiwe ya moto, iwe kavu, na iwe imepimwa. Marekebisho ya gharama ndogo mara nyingi huongeza mlio na kupoteza moja ya sifa hizo. Tuzipitie moja baada ya nyingine.

Kwanza, usafi. Mchanga laini ukipenya chujio hufanya kazi ya msasa ndani ya silinda. Hukwangua kuta na ringi za pistoni. Mwenye gari haoni lolote kwa wiki kadhaa, kisha huanza kuona oili inapungua na moshi wa bluu unatoka. Chujio la wazi lenye umbo la koni linaweza kuwa zuri au baya. Rangi yake nyekundu au ya bluu haisemi lolote kuhusu uwezo wake wa kuzuia vumbi. Lile linalouzwa kwa sifa ya kupitisha hewa nyingi mno kwa bei ndogo mno, aghalabu hupitisha na vumbi.

Pili, joto. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi. Hewa ikipashwa kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 60 za Selsiasi, uzito wake kwa ujazo ule ule hupungua kwa karibu asilimia 9. Katika magari mengi mdomo wa boksi la kiwandani huchukua hewa ya nje, mbele au pembeni mwa injini. Anayeliondoa boksi na kuacha koni wazi chini ya boneti huifanya injini ivute hewa iliyopashwa na injini yenyewe. Amelipia nguvu, akapunguziwa.

Hapa sikio hutudanganya. Boksi la kiwandani hupunguza mlio wa hewa inayovutwa. Likiondolewa, mlio hupanda mara moja. Dereva akisikia ngurumo huamini kwamba gari limeongezeka mbio, ilhali kilichoongezeka ni sauti.

Tatu, ukavu. Wapo wanaoteremsha bomba hadi chini ya bampa ili lifuate hewa baridi. Wazo hilo lina mantiki siku ya jua. Lakini masika yakija, na barabara ikajaa maji bondeni, bomba hilo huwa mrija. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiingia ndani ya silinda, pistoni hugonga ukuta usiosogea, na mkono wake hupinda au kukatika. Injini huweza kuharibika kabisa katika dakika moja ya kuvuka dimbwi.

Nne, kipimo. Katika magari mengi ya kisasa ya petroli, kuna sensa ndani ya bomba inayopima hewa inayopita, na kompyuta ya injini hutoa petroli kulingana na kipimo hicho. Hesabu yake imetengenezwa kwa upana wa bomba la awali. Ukiihamishia sensa hiyo kwenye bomba pana zaidi bila kuirekebisha kompyuta, itasoma hewa kidogo kuliko iliyopo, na petroli itatoka pungufu. Mchanganyiko wa namna hiyo huleta joto kali na mgongano ndani ya silinda. Kwa injini yenye turbo, kama ya Impreza WRX, pistoni inaweza kutoboka. Vilevile, chujio linalopakwa mafuta likipakwa kupita kiasi, mafuta hurukia kwenye sensa na kuharibu usomaji wake.

Kuhusu bomba la plastiki la maji ambalo wengine hulikata na kuliunga nyumbani kwa sababu ni rahisi kupatikana, plastiki hiyo hulegea joto linapokaribia nyuzi 80, na chini ya boneti joto la kiasi hicho si ajabu. Bomba likilegea, kiungo huachia, na injini huanza kuvuta hewa isiyochujwa wala kupimwa.

Mtauliza: je, hakuna faida kabisa? Ipo, iwapo kazi imefanywa kwa ukamilifu: chujio bora, ukuta wa kukinga joto, bomba la upana sahihi na kompyuta iliyorekebishwa na mtu mwenye vifaa vya kupimia. Hiyo si kazi ya gharama ndogo. Kwa gari lisilo na turbo, faida hiyo huwa ndogo hata ikifanywa vizuri.

Wauzaji wengine husema pia kwamba chujio jipya litaokoa petroli. Mwaka 2009 watafiti wa maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani waliyapima magari ya petroli yanayoongozwa na kompyuta, yakiwa na chujio lililoziba na kisha chujio safi. Matumizi ya petroli hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kilichobadilika ni wepesi wa gari kuongeza mwendo. Kwa hiyo aliye na chujio lililoziba amekwisha kupoteza nguvu, na anaweza kuirejesha kwa bei ya chujio la kawaida.

Mwenye fedha kidogo, basi, azitumie kwa mpangilio huu. Anunue chujio jipya la aina iliyotajwa kwa gari lake. Ahakikishe mpira unaozunguka chujio umekaa sawasawa na klipu zote za boksi zinafunga. Akague bomba la mpira kati ya boksi na injini, kwani likipasuka kazi yote ya chujio ni bure. Asilioshe chujio la karatasi kwa petroli, wala asilipulize kwa kompresa ya fundi wa matairi kwa nguvu; karatasi hutoboka matundu yasiyoonekana kwa macho.

Aliyekwisha kufunga chujio la wazi anaweza kulipima mwenyewe. Baada ya safari za wiki mbili kwenye vumbi, zima injini, isubiri ipoe, fungua bomba baada ya chujio na upanguse ndani kwa kitambaa cheupe, pasipo kuigusa sensa. Kitambaa kikitoka na vumbi, chujio hilo halifai, hata kama lilinunuliwa kwa bei kubwa. Lirudishe boksi la zamani. Ndiyo maana tunasisitiza: usiliuze wala usilikate boksi la kiwandani.

Sasa haki zenu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Muuzaji akikuambia kwamba kifaa kitaongeza nguvu kwa kiasi fulani, mwombe aandike kiasi hicho kwenye risiti, pamoja na jina la bidhaa na aina ya gari. Asiyekubali kuandika anachokisema amekwisha kukujibu. Dai risiti hata ukinunua Kariakoo kwa mtu unayemfahamu, na hifadhi kifungashio. Bidhaa ikiwa na kasoro, rudi kwanza kwa muuzaji. Asipokusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo hushughulikia pia bidhaa bandia. Na kwa masuala ya ubora, lifikie Shirika la Viwango Tanzania. Kabla ya kubadili chochote, soma pia mkataba wako wa bima na umjulishe mwenye bima, ili mabadiliko hayo yasije yakawa sababu ya kukataliwa fidia.

Kwa mafundi wetu tuna ombi moja. Kijana anapokuja na koni mkononi akiwa na shauku, ninyi ndio mnaofahamu barabara atakayopita kurudi nyumbani. Mwambieni ukweli kabla ya kufungua boneti. Mteja aliyeokolewa injini yake atarudi kwenu miaka mingi.

Sasa tunakaribisha maswali, na mwenye gari hapo nje alilete, tulifungue boksi lake na kulikagua pamoja.