Siku yetu ya kwanza Dar es Salaam: tulichoona na tulichopoteza

(Maneno tuliyosoma sisi wajumbe wanne mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, hapa Baraka)



Komite imetuomba tueleze safari. Mashine ya kusaga munaiona, iko inasaga, hatutakaa sana juu yake. Tutasema zaidi juu ya siku ya kwanza, sababu njo siku tuliyojifunza mengi, na njo siku tuliyopoteza franga ya chama. Wengine walitushauri tunyamaze. Tumekataa. Franga ni ya watu, na mwenye franga ana haki ya kujua.

Kwanza tukumbushane kitu kimoja. Wengi wetu hapa tuliishi Tanzania miaka kumi na zaidi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na kuko watoto wetu waliozaliwa pale, wakasoma pale, wakaoa pale. Lakini ukituuliza Tanzania ni nini, tutakuambia: ni shitingi, ni foleni ya posho, ni kutafuta kuni. Kutoka kambini kulitaka kibali, na aliyekamatwa bila kibali alijua atalala wapi. Dar es Salaam tuliisikia kwenye redio tu, sawa vile watu wanasikia Ulaya. Kwetu ulikuwa mji wa kigeni kabisa, hata kama lugha ni moja.

Sisi wanne, yaani wamama wawili, papa mvuvi na kijana fundi, tulivuka ziwa mpaka Kigoma, tukagongewa muhuri, tukapanda basi. Barabara ile ni ndefu, zaidi ya kilometa 1,200. Tulishuka stendi kubwa ya Mbezi saa nane ya usiku. Hatukujua mutu hata mumoja. Tulilala kwenye viti kwa zamu. Dola 1,800 za chama zilikuwa zimefungwa ndani ya kitenge cha mama mweka hazina, naye hakufunga jicho.

Asubuhi polisi mmoja akaja upande wetu. Wandugu, miguu ilikufa. Mama mweka hazina akasimama, akatoa pasipoti yake na kuinyoosha kwa mikono miwili, kabla hajaulizwa kitu. Polisi akashangaa. Akasema: "Shikamoo mama. Naomba msogeze mizigo kidogo, hapo ni njia." Basi, akaenda zake. Tulikaa kimya, halafu tukacheka mpaka machozi yakatoka. Tulirudi kwetu zamani, lakini woga wa kambi ulikuwa bado unaishi ndani yetu. Tunasema hili juu kuko wanachama waliokataa kuchaguliwa kwa safari hii, na watu wakawaita wavivu. Si uvivu. Tunajua sasa ni nini.

Tukapanda gari mpaka Kimara, na pale tukaingia mwendokasi. Ni mabasi marefu yenye njia yao peke yao katikati ya barabara ya Morogoro. Watu wanasukumana mlangoni kama siku ya posho! Kijana fundi alihesabu vituo kwa kidole: Ubungo, Magomeni, Jangwani, mpaka tukashuka Msimbazi, Kariakoo.

Jina hilo Kariakoo lina historia inayotugusa. Linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliokuwa na kambi pale wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Wazee wetu nao walibeba mizigo katika vita ile ile, upande wa Wabelgiji, mpaka Tabora ikachukuliwa mwaka 1916. Tena kuko msikiti unaoitwa wa Manyema, na kuko Mtaa wa Kongo. Tulipouliza njia tukaambiwa, "Mpo Kongo hapa." Papa mvuvi akajibu: "Basi tumefika nyumbani bila kuvuka ziwa!"

Lakini nyumbani pale hatukukujua. Tulitafuta kambisti barabarani, mwenye meza na mafungu ya franga kama kwetu. Hakuna. Tulienda benki, na pasipoti, na karatasi ya kusaini. Tukabadilisha kidogo tu, ya chakula na ya usafiri. Halafu tukaanza kuuliza: "Tunatafuta moteri ya mazutu, ya kusaga." Muuza duka wa kwanza alitutazama tu. Wa pili akasema hauzi mazulia. Mutu wa tatu akatusaidia: kwao moteri ni injini, na mazutu ni dizeli. Kumbe lugha ni moja, lakini kila ziwa na maji yake.

Hapo njo tulikosea. Kijana mmoja, msafi, mwenye maneno matamu, alikuwa amesikia hilo neno mazutu. Akatuita "wazee wangu wa Kongo". Akasema anajua stoo yenye injini za bei nzuri, lakini imebaki moja, na kuko mutu wa Morogoro anakuja kuichukua saa sita. Akatuzungusha vichochoro vitatu mpaka chini ya gorofa moja. Akaomba shilingi 40,000 "za kushikilia mzigo". Mama mmoja akasema, "Tuone kwanza mashine." Sisi wengine watatu tukamwambia asitucheleweshe. Tulimpa. Akapanda ngazi. Tulimungoja saa nzima na nusu. Gorofa ile ilikuwa na mlango mwingine nyuma.

Mama mmoja muuza chai pembeni alikuwa anatutazama. Akatuita, akatupa viti na chai, hakutaka malipo. Akasema maneno ambayo tumeyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: "Mzigo kwanza, hela baadaye. Anayewaharakisha hana mzigo." Halafu akamtuma mtoto wake atupeleke kwenye maduka yenye milango na risiti. Kesho yake tulinunua katika mojawapo ya maduka hayo, kisha fundi wetu kuiwasha injini mara tatu mbele ya macho yetu.

Jioni tulikuwa tumevunjika moyo. Papa mvuvi akasema hawezi kurudi Baraka bila kuona bahari. Tukaenda mpaka Kivukoni, pale watu wanapanda kivuko kwenda Kigamboni. Akashuka mpaka kwenye maji, akachovya kidole, akaonja. Akatema. "Munyu mutupu! Na mikebuka inaishi wapi humu?" Tulicheka tena. Tulisimama pale mpaka jua likazama, wala hakuna aliyetuuliza kibali.

Usiku, ndani ya chumba cha gesti, tulifungua daftari. Mmoja wetu alisema tuandike 40,000 kwenye mstari wa usafiri, hakuna atakayejua. Tulibishana sana, hatutawaficha. Mwishoni ni yule mama aliyesema "tuone kwanza mashine" aliyechukua kalamu. Akaandika: *Zimepotea kwa kosa letu.* Tumezirudisha sisi wanne, kila mutu 10,000, naye pia, hata kama kosa halikuwa lake. Karatasi iko kwa wakaguzi, kila mwanachama anaweza kuitazama.

Kwa wale watakaotumwa kesho, tunaacha haya:

Mufike mchana. Kama munafika usiku, mubaki stendi mpaka kupambazuke.

Muulize kwanza majina ya vitu, ndipo muulize bei.

Siku ya kwanza musinunue. Mutembee, mutazame, mulinganishe. Franga kubwa ibaki imefungwa.

Mumoja wenu akisema "tungoje", muangoje. Sauti moja yenye mashaka ilikuwa na akili kuliko sauti zetu tatu.

Na pasipoti ikae mfukoni mpaka muombwe.

Wafadhili wapendwa, mulituamini na franga yenu. Mashine ilipanda lori mpaka Kigoma, ikavuka ziwa, na leo wamama wetu hawabebi tena mihogo kichwani nusu siku kutafuta pa kusagia. Mumejua sasa pia kiasi kilichopotea na namna kilivyorudi. Tunaona ni vizuri mujue vyote viwili.