Tanga Likishaanuliwa: Shule na Mtoto Aliyefiwa

Mhadhara wa umma, Maili Moja, Kibaha



Hapa Maili Moja msiba haujifichi. Barabara ya Morogoro inatupitia katikati, na majeruhi wengi wa ajali zake huletwa hapa hapa katika hospitali ya Tumbi. Turubai likifungwa Mkoani au Kwa Mathias, kabla ya adhuhuri mtaa mzima umeshajua: viti vimekodiwa, akina mama wako jikoni, daftari la michango linazunguka. Shule nayo inajua wajibu wake. Mwanafunzi akifiwa, hutangazwa mstarini, rambirambi hukusanywa, wawakilishi wa darasa huchaguliwa na mwalimu wa kuwaongoza, wanakwenda kuzika. Hapo sina la kulaumu. Katika kuzika sisi ni mafundi.

Ninalotaka kulisema jioni hii linahusu siku mtoto anaporudi darasani, na miaka miwili inayofuata. Wakubwa wamepangiwa muda wao. Tanga linaanuliwa siku ya tatu. Wanaosoma khitma ya arobaini wanaisoma. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi. Mtoto hakupangiwa chochote. Anarudi Jumatatu, anaandikwa "yupo" kwenye daftari la mahudhurio, na sisi tunalichukua neno hilo kama lilivyo.

Mwanasaikolojia William Worden na mwenzake Phyllis Silverman waliwahi kuwafuatilia watoto 125 wa miaka 6 hadi 17, kutoka familia 70 za eneo la Boston, Marekani, waliofiwa na baba au mama. Wengi wao walijikongoja wakasimama. Lakini karibu mmoja katika kila watano alikuwa na matatizo mazito, na tofauti kati yao na wenzao wasiofiwa ilionekana waziwazi zaidi katika mwaka wa pili kuliko katika miezi ya mwanzo. Boston si Kibaha, hilo nalijua. Hata hivyo mwalimu yeyote aliyekaa darasani muda mrefu atalitambua jambo hili: mtoto aliyeonekana "amejikaza" darasa la tano anaharibikiwa darasa la sita, na hapo hakuna tena anayekumbuka kwamba alifiwa.

Mei 6, 2017, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu, likiwapeleka wanafunzi wa darasa la saba kwenye mtihani wa majaribio. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Taifa lilisimama. Majeneza yalipangwa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na watoto watatu walionusurika walipelekwa Sioux City, Marekani, kwa matibabu. Kisha mjadala ukahamia kwenye rambirambi: nani kakusanya, nani kakabidhi, nani ana haki ya kukabidhi. Septemba 6, miezi minne kamili baada ya ajali, mtihani wa kumaliza darasa la saba ulianza nchi nzima, kwa ratiba ile ile ya watoto wote. Wapo waliokaa kwenye mtihani huo wakiwa wamezika wenzao wa dawati moja. Hao hawakuwa habari tena.

Tuanze na jinsi tunavyowaambia watoto habari ya msiba. Mwanafunzi wa bweni anaitwa ofisini, anaambiwa, "Mama anaumwa, jiandae uende nyumbani." Anapanda basi la Bukoba au Musoma, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, akiwa na matumaini tuliyompa sisi. Zamani aliujua ukweli alipoliona turubai. Siku hizi anauona njiani kwenye simu ya jirani yake wa kiti, picha ya mama yake na mshumaa. Tunasema tulimwonea huruma. Mimi nasema tulijionea huruma wenyewe, tukakwepa dakika tano ngumu, tukampa yeye saa ishirini. Mwambieni ukweli kabla hajapanda gari, akiwa amekaa, na asindikizwe na mtu anayemfahamu.

Kwa wadogo tunasema, "Baba amesafiri." Mária Nagy, aliyewahoji watoto wa Hungaria na kuchapisha matokeo yake mwaka 1948, alionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano huwa wanadhani kifo ni kuondoka kunakorudika. Kwa hiyo mdogo anauamini uongo wetu kama ulivyo. Na hapa kwetu uongo huo ni mbaya kupita mahali pengine, kwa sababu mabasi ya bara yanapita mbele ya macho yake kutwa nzima. Tumempa mahali pa kusubiria. Semeni amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi, na wewe hukusababisha. Hilo la mwisho lisisahaulike, maana watoto wengi hudhani ni utundu wao uliomuua mzazi. Mambo ya Mungu na pepo atayapata kwa shehe au padri wake, na yanaingia vizuri zaidi pale ukweli wa kwanza ukishakaa.

Lipo jambo linalowachanganya walimu: mtoto kazika asubuhi, jioni anacheza mpira na kucheka. "Huyu hana uchungu." Ndugu zangu, tuko Uzaramoni. Mtani wa Kinyamwezi au wa Kisukuma anafika msibani, anajilaza njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, anamwigiza marehemu alivyotembea, na waliokuwa wanalia wanashika mbavu. Hakuna anayesema wafiwa hawana uchungu. Wazee walijua kwamba mtu hawezi kulia mfululizo, wakaweka mtu maalumu wa kuwapumzisha. Mtoto anajipumzisha mwenyewe. Anaingia kwenye huzuni na kutoka, mara kumi kwa siku.

Kijana wa sekondari ni habari nyingine. Yeye halii mbele za watu. Anachelewa, anasinzia kipindi cha hesabu, anamjibu mwalimu vibaya, anakaa stendi na wavulana waliomzidi umri. Sisi tuna dawa moja kwa magonjwa yote hayo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na visizidi vinne. Mnajua, kama ninavyojua, kinachotendeka. Ombi langu ni dogo: kabla ya fimbo, ulizeni nyumbani kwake kuna nini. Mara nyingi jibu litakuwa na tarehe ndani yake, na tarehe hiyo itakuwa ya mwaka jana, mwezi kama huu.

Mwalimu ataniambia, "Mimi si mnasihi, na darasa langu lina watoto wasiohesabika." Nakubali. Lakini tazameni Kagera, mkoa ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, na ambako miaka kumi baadaye vijiji vilijaa yatima. Huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza ulioanzishwa miaka ya 1990 ukamfundisha mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi kumsikiliza mtoto aliyefiwa, bila kumfanya daktari. Yatima wenyewe wakaunda umoja wao, Vijana Simama Imara, wakatembeleana, wakasaidiana. Aliyefiwa alimsikiliza aliyefiwa. Kila shule hapa Kibaha na Kisarawe ina watoto wa kutosha kuanzisha kikundi cha namna hiyo chini ya mwembe, na mwalimu mmoja wa malezi akae pembeni.

Mengine ni ya adabu tu. Mwite mtoto faraghani kabla ya mstari, umpe pole, umtaje marehemu kwa jina, umuulize anataka darasa liambiwe nini. Siku ya kufundisha barua ya kirafiki, usiseme "mwandikie baba yako". Sema "mwandikie mkubwa unayempenda". Akifa mwanafunzi, dawati lake lisihamishwe kimyakimya usiku. Na akisema anataka kumfuata mama, hapo kazi si yako peke yako: hiyo ni ya hospitali na Afisa Ustawi wa Jamii, siku hiyo hiyo.

Nimeliweka mwisho linaloniuma zaidi. Baba akifa, watoto hugawanywa. Mmoja anakwenda kwa shangazi Mlandizi, mwingine kwa mjomba Kisarawe, mdogo anabaki na bibi. Kila mmoja anapata uhamisho, na namba yake ya utambulisho, ile ya PREM, inamfuata ili Baraza la Mitihani lisimpoteze. Alama zinasafiri naye. Msiba wake hausafiri. Shule mpya inampokea mtoto mkimya, mzito wa kujibu, asiye na rafiki hata mmoja, na inamwandika "mvivu". Amepoteza mzazi, nyumba, ndugu na darasa katika mwezi mmoja, na hakuna karatasi inayosema hivyo.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule mlio hapa: kuanzia muhula ujao, mtoto yeyote anayehama kwa sababu ya msiba aondoke na barua ya siri ya mwalimu wa darasa, mistari mitano inatosha, iseme nani kafariki, lini, na ndugu zake wako wapi. Walezi, mkimleta mtoto siku ya kwanza msiishie kwa mlinzi getini. Ingieni, mwonane na mwalimu. Nanyi wanafunzi, wekeni kichwani mwenu namba moja: simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na kupiga ni bure.