Mlango wa Gari la Chama Usiofunguka



Gari la chama hununuliwa kwa jasho la mkulima wa zabibu, alizeti na karanga. Kwa hiyo mlango wake ukigoma, mwenye kukimbilia nondo huvunja mali ya watu wengi. Yapasa ugonjwa utafutwe kwanza, ndipo dawa ifuate.

Mlango na ujaribiwe kwa ndani na kwa nje. Ukifunguka kwa ndani tu, aghalabu kitasa ni kizima. Ubovu umo katika mkono wa nje, au katika ufito uunganishao mkono huo na kitasa. Ukifunguka kwa nje tu, nao ni mlango wa nyuma, na itazamwe ile swichi ndogo iliyo ubavuni mwa mlango, iwazuiayo watoto wasifungue. Mara nyingi huguswa bila mtu kujua. Vitasa vya umeme vikinyamaza vyote kwa pamoja, zikaguliwe fyuzi na betri, na ufunguo wa chuma utumike.

Mlango ukikataa pande zote mbili, yumkini ulimi wa kitasa umekwama. Hapa Dodoma, vumbi la kiangazi huchanganyika na grisi kuukuu likawa kama tope lililokauka. Mtu mmoja na aukandamize mlango kuelekea bodi, na mwingine avute mkono wakati huohuo. Hivyo ulimi hupunguziwa mzigo. Kama bawaba zimelegea na mlango umeshuka, unyanyuliwe kidogo huku ukivutwa. Ukishafunguka, kitasa kisafishwe kwa brashi na mafuta ya taa, kikaushwe, kisha kipakwe mafuta mepesi kidogo. Tundu la ufunguo lapendelea unga wa grafaiti, kwa kuwa mafuta hunasa vumbi.

Lakini lililo zito kuliko yote ni uhai. Yuko dereva aliyezoea kutokea mlango wa abiria kwa sababu wa kwake ni mbovu, na watu wakamcheka tu. Masika yakija, korongo lililokuwa kavu asubuhi laweza kujaa ghafla jioni. Gari likiingia majini, maji ya nje huusukuma mlango, hata ulio mzima hauwezi kufunguka. Aliyemo asipoteze nguvu zake mlangoni: afungue mkanda, ashushe kioo cha ubavuni mara moja, atoke. Kioo kikikataa, kipigwe pembeni kwa kitu kigumu chenye ncha. Kioo cha mbele kisijaribiwe, kwani kina utando wa plastiki katikati na hakivunjiki upesi. Moto nao haumngoji mtu apande viti na kuvuka gia.

Basi Katibu asitie saini safari ya gari lenye mlango mmoja usiofunguka, hata kama mizani inangoja na wakulima wamepanga foleni. Ubovu uandikwe katika daftari la gari siku uonekanapo, nayo Kamati itoe fedha ya fundi mapema. Kitasa hununuliwa dukani, dereva hanunuliwi.